Ukimya wa Kwenye Mianzi

Mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kule juu kabla ninyi hamjafika, na jambo la kwanza nililojiuliza ni mnataka nini. Mtu akitaka kumbukumbu za mwenzake mara tu anapostaafu, mara nyingi anatafuta cha kumshikia. Nimewafikiria mmoja mmoja. Bado mko wachanga, na wawili kati yenu hata kamba za viatu hamjui kuzifunga kwa safari ya kushuka, kwa hiyo nimekubali kwamba huenda mnauliza kwa nia njema. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vyenyewe, na mishahara mnajua wenyewe ilivyokuwa ikija.

Mimi ni mtu wa Kirolirwe. Nimekulia kwenye malisho, baba yangu akichunga ng'ombe wa watu wengine, na baridi niliijua kabla ya kujua kusema. Asubuhi za mwezi wa saba majani yalikuwa magumu chini ya nyayo, na pumzi ya ndama ilionekana kama moshi wa jikoni. Hatukuona lolote la kufurahia hapo. Ndiyo maana niliposikia kwamba hifadhi ya mlimani inatafuta mwanamke wa kuwapikia wageni wanaopanda kufurahia baridi, nilimwambia mama yangu kwamba kuna kitu kinafichwa. Mama akanijibu, "Enda tu. Kama kuko kitu banaficha, utakiona mu jikoni, juu batu banakula kila siku." Nikaenda.

Ninyi mlima mnaujua, lakini huenda karatasi hizi zikafika kwa mtu asiyeujua. Upande wa macheo ni vilima vya Masisi, nyasi na ng'ombe na mashamba ya viazi yanayopanda mpaka pale udongo unapokataa. Ukivuka mgongo wa mlima inaanza mianzi, na chini ya mianzi msitu, na msitu huo unateremka kwa mwendo wa siku kadhaa mpaka kwenye joto la Walikale. Kituo chetu kilikaa mgongoni pale, pamoja na nyumba ya wageni tuliyoiita gîte. Wageni walikuja zaidi wakati wa kiangazi, usiku unapouma. Walikuwa watu wa Goma waliochoka vumbi, wanafunzi wa Bukavu, mapadri, familia za wafanyakazi wa mashirika, na wazungu wachache. Walivaa makoti ya kuazima, wakatembea asubuhi kwenye umande ulioganda, wakaota moto, wakala viazi vya kwenye majivu na maziwa ya moto, kisha wakateremka malishoni kwa chukudu huku wakipiga mayowe. Ikinyesha mvua ya mawe ndiyo ilikuwa sikukuu yao. Mteremko uligeuka mweupe kwa muda mfupi, nao waliniingilia jikoni kuchukua masinia, wakayakalia na kuteleza nayo. Sinia langu kubwa lilipinda mwaka wangu wa kwanza, na mpaka leo hakuna aliyekubali kwamba ni yeye.

Mwalimu wangu alikuwa Papa Bernard, mzee wa Muheto aliyetengeneza chukudu zote za kituo. Kwa asiyeijua, chukudu ni kama baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali. Ina magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira, na mwendeshaji huweka goti moja kwenye ubao na kusukuma kwa mguu mwingine. Breki yake ni kipande cha mpira wa gari kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga na kuomba Mungu. Watu wa kwetu hubebea viazi na makaa. Kule juu ilibeba wageni waliotaka kuogopa kidogo kisha warudi kula.

Siku yangu ya kwanza Papa Bernard aliniletea chukudu mlangoni mwa jiko, akasema kila mfanyakazi lazima ajue kushuka, hata mpishi. "Panda, mutoto." Nikaitazama ile chukudu, nikamtazama yeye. Alikuwa anatabasamu kupita kiasi. Nikainama nikainua mpira wa breki kwa kidole, ukanijia mkononi mzima. Alikuwa ameung'oa misumari makusudi.

Alicheka mpaka akakohoa. "Bote benye nilipima mbele yako banapanda tu," akasema. "Weye utafika muzee."

Tangu siku hiyo alinifundisha bila kuombwa. Alinifundisha kunusa breki baada ya mteremko, kwamba ikinuka mpira ulioungua mgeni aliogopa, na isiponuka kabisa mgeni ni mjinga na asipewe chukudu tena. Alinifundisha kupaka mafuta ya ng'ombe kwenye ekseli asubuhi, kabla mbao haijapata joto. Na alinifundisha kusikiliza. "Chukudu yenye iko inalia haina neno," alikuwa akisema. "Ile yenye inanyamaza gafula, shuka." Nimewarudishia ninyi maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba mnadhani ni yangu.

Baada ya miaka ya jikoni nikahamia kuongoza wageni, na kazi hiyo ilinifaa kwa sababu ilianza na kufungua mifuko. Mnanicheka kwa hilo, najua. Lakini nimekuta humo vitu ambavyo msingeamini. Mtu mmoja wa Goma alipanda na pasi ya makaa, akasema hawezi kukaa siku mbili na suruali iliyokunjamana. Padri mmoja alibeba blanketi saba, na nilipomuuliza za nani akasema zote zake, na kweli zilikuwa zake. Kijana na msichana walisema ni ndugu. Hilo halikuwa jambo la hifadhi, lakini niliwapa vyumba viwili, kimoja mwanzo wa nyumba na kingine mwisho.

Nilichokuwa nikitafuta hasa ni vifaa vya kuchimbia mawe ya thamani. Hamhitaji kuelezwa. Kwetu mgeni akiinama kuokota jiwe, watu wote wanaacha kuongea. Upande wa Walikale yako mashimo ya watu wanaochimba, na kila aliyepanda kwetu akisema anafuata hewa safi, mimi nilijiuliza kama hewa hiyo haiko chini ya ardhi. Nilishuku wageni, nilishuku wabebaji wao, nilishuku walinzi wetu wenye bunduki, na mkubwa yeyote tuliyeletewa nilimshuku wiki mbili mfululizo kabla ya kumpa kiti kizuri. Wengi hushuku mtu mmoja tu, yule wasiyempenda, kisha wakalala usingizi. Hiyo si tahadhari, ni uvivu.

Faustin alifika kwetu kutoka upande wa msituni. Wazazi wake walikuwa wakulima na wawindaji wa Walikale, Wakristo wa Jumapili zote, lakini nyumbani kwao waliendelea kushika na mambo ya mababu. Alikuwa mwembamba, mpole, na mianzini alipita bila kutikisa jani. Alikuwa na desturi moja iliyonitesa. Ukimwita mara moja, haitiki. Viazi viko mezani, unaita "Faustin!", unamwona mgongo kabisa pale kwenye kuni, na hageuki. Ukiita mara ya pili anakuja mbio, anacheka. Nilimuuliza kama ana ugonjwa wa masikio.

"Hapana, dada Espé. Kwetu muntu haitike mwito wa kwanza. Mu pori unaweza kuitwa na kitu chenye haiko muntu. Kama ni muntu kweli, ataita tena."

"Na kama ni viazi vinapoa?"

"Basi vipoe. Miye niko muzima."

Wenzetu walimcheka. Mimi sikuona cha kucheka. Miaka ile watu wenye silaha walipita mlimani wakati wowote, na mtu asiyeitika ovyo alikuwa na akili kuliko wengi wetu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua ndilo mnalolitaka, maana habari zake mmezisikia nusu nusu.

Tulikuwa tumeletewa mkubwa wa kituo mpya, mtu wa mjini, tuliyemwita Chef tu. Hakuwa mbaya. Alipenda kituo kiwe safi na alivaa viatu vinavyong'aa, jambo ambalo kule juu ni ushujaa. Lakini watu wa Walikale hakuwapenda, alidhani kila mmoja wao ana njia ya siri ya kwenda machimboni. Faustin alipewa kazi za kupasua kuni hata siku ambazo waongozaji walikosekana.

Kiangazi hicho akapanda mzungu mmoja mzee, peke yake, mwalimu mstaafu kutoka nchi za theluji kwa maelezo yake. Nitamwita Monsieur Anders. Alisema kwao msimu wa baridi watu huenda milimani kucheza, na alitaka kuona baridi ya watu wa joto inafananaje. Nilimfungulia mfuko. Soksi nyingi, chokoleti, kofia ya sufu, na nyundo ndogo.

"Hii ya nini?" nikamuuliza.

Alikuwa na Kiswahili cha kujifunzia vitabuni, kimesimama wima. "Ni kwa ajili ya vigingi vya hema langu, mama."

"Hema liko wapi?"

"Nililiacha Goma. Niliambiwa kuna nyumba."

Mtu anaacha hema na anabeba nyundo. Nikaenda kumwambia Chef, na hapo tu ndipo tulipokubaliana kwa kitu. Tuliamua mzee ateremke malishoni kwa chukudu kama wengine, aote moto, ale, na asisogee upande wa mianzi. Siku mbili alifanya hivyo hivyo. Alishuka mteremko wote na breki yake ilinuka kidogo tu, kiasi cha mtu mwenye akili. Wageni wengine walimpenda. Siku ya tatu aliomba apelekwe kidogo upande wa pili, aone mahali baridi inapoishia na joto linapoanza. Chef alikuwa chini malishoni na wageni wa shirika. Waongozaji wengine walikuwa wametoka. Faustin akaacha shoka akasema, "Nitamufikisha mwanzo wa mianzi, dada, tunarudi mbele ya chakula." Nilimtazama mzee mfukoni. Nyundo aliibeba.

Niliwaacha waende. Sikuwa na sababu ya kukataa zaidi ya nyundo.

Mvua ya mawe ilikuja saa sita bila kutuma habari. Mawe makubwa, ya kuvunja majani ya viazi, na yalipokoma mlima wote ulikuwa mweupe na ukungu ukapanda kutoka Walikale mpaka mlangoni. Wageni walitoka na masinia yangu wakicheka. Mimi nilisimama upande wa pili wa nyumba nikitazama ukungu. Chakula kilipita. Faustin na mzee hawakurudi.

Chef aliposikia ni nani kaenda na nani, uso wake ulibadilika kama mtu aliyeshinda ubishi. Alichukua walinzi wawili wenye bunduki, akatoka. Nilitaka kwenda nao, akanikatalia, akasema nibaki na wageni. Mashine yetu ya radio ilikuwa moja, ikabaki nami, betri yake ikitoa pumzi za mwisho. Nikachemsha maji mengi nisijue ya nani.

Walirudi mapema mno. Nilimpokea Chef mlangoni.

"Uliita?"

"Niliita."

"Fasi gani?"

"Kwenye jibwe kubwa, pale mianzi inaanzia. Hakuna muntu."

"Na hamukuingia ndani?"

"Kuingia kufanya nini? Mama Espé, kama bangekuwa pale bangeitika. Hawa bameshashuka. Saa hii muzungu iko anagonga mawe kule chini, na Faustin wako iko anamushikia mufuko. Nipe radio. Nitaambia kituo cha chini bamufunge akitokea."

Akachukua radio, akawaambia hivyo hivyo, kisha akaamuru watu wote wabaki ndani. Msako wa mlimani umekwisha, akasema, utaendelea barabarani.

Hapo jambo lilikuwa wazi kwangu kama sahani. Ikiwa Chef yuko sahihi, Faustin ni mwizi na atakamatwa. Ikiwa amekosea, watu wawili wako mianzini wamelowa, mmoja wao mzee, na baridi ya usiku ule ingewamaliza wote wawili huku sisi tukiwangoja barabarani. Na Faustin angekufa akiwa na jina la mwizi, mke wake na watoto wangeishi nalo Walikale.

Je, nilimwamini Faustin? Hapana. Nilimshuku yeye, nikamshuku mzungu, nikamshuku na Chef. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa na matope mekundu ya malishoni na hata chembe ya udongo mweusi wa mianzini hakuna. Alisimama kwenye jiwe, akapaza sauti, akageuka. Na huo ukimya alioniletea niliushuku kuliko watu wote. Niliitazama jioni inavyoshuka na ghafla nikaona mgongo wa Faustin kwenye kuni, viazi vikipoa.

Nilimfuata Papa Bernard kwenye karakana yake. Alikuwa amezeeka tayari, amefunga magoti kwa vitambaa. Nikamwambia, "Papa, Chef aliita mara moja." Hakuuliza zaidi. Akatoa chukudu ndefu ya kubebea kuni, akaweka kamba, blanketi na maziwa ya moto kwenye chupa, tukatoka kwa mlango wa jikoni bila kumuaga mtu.

Kwenye jiwe kubwa ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona mikono yangu vizuri. Mawe ya mvua yalikuwa bado hayajayeyuka chini ya mianzi. Nikaita, "Faustin!" Hakuna. Papa Bernard akataka kusogea, nikamshika koti. Nikasali Baba Yetu taratibu, kama kanisani, mpaka mwisho. Kisha nikaita tena, kutoka pale pale.

"Niko!" Sauti ilitoka chini kushoto, karibu kuliko nilivyotazamia. "Niko hapa, kuya mbio, muzee iko anaenda!"

Tuliwakuta kwenye korongo dogo. Monsieur Anders alikuwa ameteleza kwenye mawe ya mvua juu ya majani ya mianzi, mguu ukaingia kati ya mizizi na kuvunjika. Faustin alikuwa amemvisha koti lake mwenyewe na sweta yake mwenyewe, amemlaza juu ya matawi asiguse ardhi, na miguu ya mzee ameitia ndani ya shati lake, tumboni. Yeye alibaki na shati hilo moja. Meno yake yaligongana hata hakuweza kunywa. Mzee hakuwa akitetemeka tena, na hilo mlijue, mtu akiacha kutetemeka kwenye baridi si kwamba amepona. Alikuwa akisema maneno ya kwao, polepole, macho nusu. Nilimpa maziwa tone kwa tone. Nililia pale, sioni aibu kuliandika. Tulimbeba mpaka kwenye jiwe, tukamfunga kwenye chukudu, Papa Bernard na magoti yake wakasukuma, sisi tukavuta kamba, na giza lilipoingia tulikuwa tunaona taa ya gîte.

Chef alikuwa mlangoni. Jambo la kwanza alilolifanya ni kumvua Faustin mfuko wake begani na kuumwaga mezani mbele ya wageni wote. Panga, mahindi ya kuchoma, sabuni. Akaumwaga na wa mzee. Soksi, chokoleti, ile nyundo. Jiwe hakuna hata moja.

"Tulikuita," Chef akasema. "Ulitusikia?"

Faustin alikuwa ameketi karibu na moto, mikono kwenye kwapa. Alinitazama mimi, kisha sakafu. "Nilisikia."

"Na juu ya nini haukuitika?"

"Kwetu hatuitike mwito wa kwanza."

Mlinzi mmoja akacheka, na wageni wakacheka kwa kuchoka na kwa furaha, na Chef mwenyewe akatikisa kichwa akacheka. Ikawa ndiyo habari ya usiku ule. Watu wa msituni na mizimu yao. Kesho yake mzee aliteremshwa Goma, na kabla ya kuondoka alimshika Faustin mkono mbele ya Chef kwa muda mrefu sana na kusema kwa Kiswahili chake kilichosimama kwamba huyu ni baba yake wa pili, ingawa mzee ndiye aliyemzidi umri mara mbili. Baada ya hapo hapakuwa na namna ya kumfukuza. Yule mzee na nyundo yake mpaka leo sijui alikuwa nani. Alituma salamu miaka kadhaa, hakurudi.

Tangu hapo nikaweka sheria, na kila mmoja wenu ameifundishwa siku yake ya kwanza. Mkitafuta mtu mianzini, simameni mahali pamoja, iteni, ngojeni, iteni tena. Nimeisimulia habari hii kwa waongozaji wapya zaidi ya mara ninazoweza kukumbuka, na kila mara niliisimulia kwa raha, kwa sababu mwenye akili ndani yake nilikuwa mimi. Chef alihamishwa. Papa Bernard tulimzika Muheto. Kituo kilifungwa na kufunguliwa kulingana na nani ameshika barabara. Faustin alibaki, nikawa mkubwa wake, na tulifanya kazi pamoja bila ugomvi mpaka nilipostaafu.

Mwezi uliopita alikuja kunisalimia hapa Kirolirwe. Aliniletea mawese na ndizi za kwao. Tuliketi nje, nikamtilia chai, na katika kucheka mambo ya zamani nikaanza tena habari ya mwito wa pili. Aliniacha nifike katikati.

"Dada Espé," akasema, "Chef hakuita mara moja. Aliita mingi. Aliita mpaka sauti ikakauka."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akicheka.

"Mbele ya kuita, balisimama kwenye jibwe. Ukungu unaleta maneno, weye unajua. Akaambia balinzi: tukimupata, mumufunge kwanza, kuuliza nyuma. Akikimbia, mupige risasi. Nilikuwa na muzee mikononi, iko anaongea bado vizuri. Nikasema, bapite kwanza, nitamupandisha miye peke yangu. Nikamufunika kinywa kwa mukono. Yeye alitaka kuitika."

Nilimuuliza kwa nini basi aliniitikia mimi. Nilitaka jibu fulani, nakiri, na nililingoja.

"Muzee alikuwa ameacha kutetemeka. Nikaona anakufa. Nikasema, basi, banifunge, banipige, ataishi. Halafu weye ukaita." Akanywa chai. "Haikuwa juu yako, dada. Hata Chef angerudi, ningeitika."

"Na ile ya mwito wa pili?"

"Ile ni ya kwetu kweli. Lakini usiku ule niliitafuta tu, nipate cha kusema. Ningesema nilisikia maneno ya Chef, ningelala wapi?"

Nilihesabu kichwani wote niliowafundisha sheria ile, wengine wenu mkiwemo. Kisha nikamuuliza kilichoniuma. Chef aliondoka zamani. Tumekula sahani moja miaka mingi. Kwa nini hakuniambia?

Alifikiri kabla ya kujibu, kwa heshima. "Ulikuwa mukubwa wangu. Na ulikuwa unafungua mufuko yangu kila asubuhi sawa ya wote. Sikujua uko upande gani. Sasa umestaafu, hauwezi kunifanya kitu."

Miaka yote ile nilijiona mimi ndiye ninayetazama, na yeye alikuwa amekaa kwenye moto wangu akinitazama mimi. Nilisikia uchungu, na uchungu huo bado uko. Sheria ya kuita mara mbili muishike, haina madhara. Lakini mkitoka kumtafuta mwenzenu, yale mnayoyasema njiani juu yake, yasemeni kama yuko hapo.

Jua lilipogeuka aliaga. Alitaka kupita nyuma ya nyumba, kwenye njia ya mkato ya ng'ombe, akauliza kama mbwa wangu amefungwa. Nikamwambia amefungwa tangu asubuhi, nimemfunga kwa mkono wangu mwenyewe. Akashukuru sana, akaweka kofia, akaenda kwanza kuiangalia kamba.